Kifusi cha Nyumba ya Mama

Kazi yangu ni kuchambua mabaki ya nyumba zilizobomolewa, na sitaki mtu anionee huruma. Kanisani kwetu Lewisham, hapa London, wapo akina mama ambao ni manesi na walezi wa wazee, na wakinisalimia huuliza, "Bado uko kule kule?" kwa sauti ya kumwuliza mgonjwa kama homa imeshuka. Niko kule kule. Yadi yetu iko Barking, nyuma ya maghala, na mwaka wa tisa huu nasimama pembeni ya mkanda unaotembea, kofia ngumu kichwani, glovu mkononi, nikiokota vitu visivyotakiwa kukaa pamoja. Malori hutuletea majiko ya watu, mabafu ya watu, kuta zenye karatasi za maua zilizobandikwa enzi za bibi zao. Sisi tunatenganisha. Na kusema kweli, napenda. Nikipewa fujo asubuhi na jioni ikawa marundo matano yenye adabu, naenda nyumbani nikiwa mtu mwema, mpaka binti yangu ananishangaa.

Marundo yenyewe ni haya: matofali mazima, zege, mbao, chuma, na la tano tunaliita mchanganyiko. Mchanganyiko ni kile kilichoharibiwa kwa kuchanganywa. Plasta imeingia kwenye udongo, udongo umeingia kwenye godoro, godoro limejaa misumari na vioo. Huwezi kukitumia wala hujui pa kukipeleka. Siku za mwanzo nililia juu ya rundo hilo kwa uchovu. Siku hizi nalichukia tu kimyakimya, kama jirani wa miaka mingi.

Tetemeko lilipopiga kwetu, upande wa Bukoba, ilikuwa mchana na mimi nilikuwa kwenye mkanda. Simu zetu hufungiwa kabatini mpaka mapumziko. Nilipofungua yangu nikakuta nimepigiwa na kila mtu ninayemjua, nikasema hapa kuna msiba. Kumbe mama alikuwa hai. Alikuwa nje anageuza kahawa mkekani, na aliniambia mwenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nilisikia kama lori linapita. Nikageuka nilitazame, nikaona nyumba inakaa chini."

Mama yangu ana miaka sabini na kitu. Ile nyumba ya vyumba vinne aliijenga na baba kwa kahawa yao, msimu kwa msimu, na tangu baba afariki alikuwa anaishi humo peke yake. Nilimshukuru Mungu nikiwa nimekaa kwenye ngazi za kantini na kofia yangu kichwani, wenzangu wakinipita na vikombe vyao vya chai bila kujua linaloendelea.

Siku ya tatu ndipo ugomvi ulipoanza. Mdogo wangu wa kiume anakaa Mwanza, ana mke, ana watoto, ana nyumba yenye geti. Alikuwa ameshafika kijijini, akamkuta mama analala kwenye kiti chini ya turubai. Ardhi ilikuwa bado inatikisika kidogo kidogo, na mama alikuwa ameapa kwamba hatalala ndani ya nyumba yoyote, iwe ya jirani iwe ya padri. Hata kulala kwenyewe hakukuwa kulala. Alisinzia, akishtuka kila mara, na kabla hakujapambazuka ameshasimama.

"Dada," mdogo wangu akaniambia, "namchukua mama. Aje akae Mwanza moja kwa moja."

Nikaomba niongee na mama mwenyewe.

"Mwanza nitafanya nini?" mama akasema. "Nitakaa sebuleni niangalie katuni na wajukuu? Hapa nina migomba yangu, nina kahawa yangu. Baba yako yuko hapa." Kwetu tunazikana shambani, katikati ya migomba, na baba amelala nyuma ya jiko. "Nikienda sirudi tena. Unawajua wanaokwenda kukaa kwa watoto wao. Wanarudishwa ndani ya jeneza."

Basi hilo ndilo tulilokuwa tunaligombania: mama abaki kwake, au asibaki. Na mdogo wangu si mtu mbaya, alikuwa na hoja yake. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia, na mtu wa umri ule hawezi kulowa kwenye kiti. Tulikubaliana kwa kelele nyingi kwamba mvua zikianza, na mama bado analala nje, atakuja na gari amchukue, na mimi sitatia neno. Nikasema sawa. Halafu akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba ameshazungumza na mwenye kijiko, lile tingatinga la kuchota lililokuwa likisafisha shule iliyoanguka. Kesho litapita kwa mama, lisukume kifusi chote bondeni, kiwanja kibaki cheupe.

Hapo nikawaka. Bondeni kuna chemchemi, na nusu ya kijiji wanachota maji pale. "Humo ndani kuna betri ya sola," nikamwambia. "Kuna dawa za kupulizia kahawa. Kuna mabati, kuna milango, kuna matofali ya baba! Unataka kuyasukuma yote pamoja yaende kwenye maji ya watu?"

"Ni kifusi tu, dada."

Kifusi tu! Huyu ndiye niliyemsomesha mwaka wake wa mwisho wa chuo kwa kifusi, leo ananiambia kifusi tu. Nilimwambia kijiko kikikanyaga kwa mama, mimi na yeye basi. Alinikatia simu. Lakini kijiko hakikuja.

Sasa nikabaki nimeshinda, na sijui la kufanya. Kifusi kiko Bukoba, mimi niko Barking, na maishani mwangu sijawahi kusimamia ujenzi wa hata banda la kuku. Kubomoka nakujua. Kujenga sikujui.

Aliyeniokoa ni mzee wa mizani. Ndiye mtu pekee pale yadini ninayeongea naye Kiswahili. Ni Singasinga mzaliwa wa Kisumu. Wakenya huwaita Kalasinga, na yeye mwenyewe hujiita hivyo huku akicheka. Anakaa Southall, na kila siku anavuka London nzima kwa treni kuja kupima malori yetu, maana anasema akistaafu mkewe atampa kazi ngumu kuliko hii. Baba yake alikuwa fundi mwashi, na yeye amekulia kwenye majengo. Kiswahili chake ni cha mafundi, hakina mizunguko.

"Nyumba ya mama ilijengwa na nini?"

"Matofali ya kuchoma."

"Na katikati? Simiti?"

"Udongo. Simiti ilikuwa plasta ya nje tu."

Akatabasamu mpaka ndevu zikapanda. "Basi dada, wewe iko na bahati. Kama ni udongo, tofali inatoka mzima. Ingekuwa simiti, ungevunja yote." Akaenda kwenye rundo letu, akaokota matofali mawili, akayagonga karibu na sikio langu. Yakalia, kli. "Hii nzuri." Akaokota mengine mawili. Hayo yalitoa mlio wa viazi. "Hii iko na ufa ndani, kwa macho huwezi ona. Usijenge na hii. Jaza barabara."

Kesho yake, wakati wa chai, tulikaa wawili kwenye kibanda chake cha mizani, simu imewekwa mezani, mama upande wa pili akigonga matofali. Lori likipita tunamwambia asubiri kwanza. Kli. "Nzuri hiyo, mama." Ko. "Hiyo weka kando." Tuliendelea hivyo mpaka mama akasema, "Mwambie huyo baba ahsante, nimeelewa. Sina bando la kugonga nyumba nzima." Mzee alicheka mpaka chai ikamwagika juu ya karatasi zake.

Kwenye karatasi mojawapo ndipo alipochora. Chumba kimoja: ukuta wa tofali mpaka kiunoni, kuanzia hapo juu ni mbao na mabati. "Ikitikisika, juu ni nyepesi," akasema. "Haiwezi kuua mama." Nikaipiga picha nikaituma. Mama hakujibu siku nzima. Jioni nikapata ujumbe wake, herufi zote kubwa kama kawaida yake: HICHO NAWEZA KUKIINGIA.

Nilikaa kitandani nikausoma mara nyingi. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata ufunguo. Chumba kimoja kabla ya mvua, matofali yapo, mbao zipo, mabati yapo, yote yamelala uwanjani. Kilichobaki ni mikono.

Na mikono, loo, ilikuwepo mingi. Kila nikipiga simu nasikia watu. Kwetu mtu akipatwa na jambo, watu huja kumpa pole, na mama yangu ni mtu wa watu. Walikuja wa kijijini, walikuja wa parokia ya jirani, walikuja wanakwaya wa miaka ya ujana wake. Lakini anayekuja kutoa pole ni mgeni. Mgeni hukalishwa, hupewa punje za kahawa atafune, huulizwa habari za kwake. Kwa hiyo palikuwa na watu kumi, kumi na wawili, wamekaa kwenye vigoda mbele ya kifusi kila siku ya Mungu, wakikitazama na kukisikitikia.

"Mama, hao wamekaa tu?"

"Wamekuja kunipa pole."

"Sasa si wasogeze matofali hata kidogo?"

"Nimwambie mgeni abebe tofali?" Akaguna. "Huko ndiko mnakofanya hivyo?"

Huko ndiko tunakofanya hivyo. Yadini kwetu ukionekana umesimama mikono mitupu, unapewa ufagio. Nikaanza kuongea na mama kama bosi wangu anavyoongea na sisi. Nilikuwa nampigia asubuhi kabla ya shifti na jioni baada ya shifti: mama, mwagieni maji kwanza vumbi lisipande, mama, funga kanga puani, mama, nionyeshe mbao, mama, kwa nini mabati bado yako palepale? Mama alikuwa anaitikia, "Ndiyo, bosi." Sikusikia kejeli. Ama niliisikia nikaipuuza, kwa sababu kila nikiangalia kalenda naona mawingu.

Jumapili moja baada ya kanisa nikampigia kwa video. Nilikuwa sebuleni na binti yangu, ambaye Kiswahili anakielewa chote na kukijibu kwa Kiingereza chote. Mama hushika simu karibu mno, kwa hiyo kwanza tulipata paji la uso, kisha anga, kisha akaigeuza ili anionyeshe nyuma ya jiko, ambako ukuta wa nyumba ulikuwa umeangukia. Picha ilikuwa inatetemeka. Chini ya matofali nikaona vipande vya zege, vyeupevyeupe, vimepasuka.

"Hayo ya simiti hayafai," nikasema. Nilisema kwa sauti ya kazini. "Hilo ni zege tu. Yapondwe, yapelekwe barabarani yakajaze mashimo."

Picha ikatulia.

"Hili ni la baba yako," akasema.

Simu ikakatika.

Sijawahi kuliona kaburi la baba yangu. Wakati anafariki, karatasi zangu za ukaazi zilikuwa kwa wakubwa wa serikali ya hapa. Ningetoka nisingeruhusiwa kurudi, na binti yangu alikuwa mdogo. Mazishi niliyaona kwenye simu. Mwaka uliofuata walipojengea kaburi, nilitumiwa picha moja, imepigwa kwa mbele, limejaa maua, watu wamesimama. Kwa nyuma sijawahi kuliona, wala lilivyopasuka. Mtoto gani anaona kaburi la baba yake akasema lipondwe lijaze mashimo? Niliona aibu ambayo sikuijua kama ninayo. Nilijifunika uso na kitenge nikalia, na binti yangu akaja akakaa karibu yangu, hakuniuliza, alikuwa amesikia yote.

Nikampigia mama, hakupokea. Jumatatu hakupokea. Jumanne niliharibu kazi, nikatupa mbao kwenye chuma, mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa. Jioni nikaanza kurekodi ujumbe wa sauti, mrefu, wa kujieleza, wenye habari za karatasi na ukaazi na ubora wa kamera. Binti yangu akaninyang'anya simu. Aliniambia kwa Kiingereza chake kwamba nisitume hotuba, nipige, na akipokea nisianze na matofali.

Jumatano mama akapokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

Nikasema nimekula, na wala sikuwa nimekula. Nikamwomba msamaha. Nilimwambia sikulijua, na kwamba nimekuwa namwamrisha kwake kama vile nyumba ni yangu, na kwamba naomba anisamehe kwa yote mawili.

"Utalijuaje?" akasema. "Nani aliwahi kukuonyesha?" Halafu akaniambia nisubiri, akatembea na simu mpaka nyuma ya jiko, na safari hii hakutetemesha. Akanionyesha kichwani ni wapi, miguuni ni wapi. Akanionyesha kona iliyochomoza nje ya matofali, ambayo fundi alikosea akaandika mwaka vibaya, wakalazimika kufuta na kuandika upya. Akanionyesha mgomba ambao baba alikuwa ameupanda mwenyewe, na ambao sasa unamtilia kivuli. Tulikaa pale naye, mimi na mama na baba, kwa muda mrefu kuliko tulivyowahi kukaa tangu niondoke. Huwezi kuamini, lakini nililala vizuri siku hiyo.

Kesho yake mama alifanya jambo ambalo mimi na bosi wangu na mdogo wangu na geti lake tusingeliwaza. Wageni walipofika kumpa pole, hakuwakalisha. Alisimama akawaambia, "Nisaidieni kumtoa mume wangu chini ya ukuta."

Nani atakaa kwenye kigoda akiambiwa hivyo? Panapohusika kaburi, kwetu hakuna mgeni. Kwenye kuzika watu huchimba, hubeba maji, hukata kuni, na hakuna anayesubiri kuambiwa. Wanaume walivua mashati, wanawake wakajifunga kanga viunoni. Na kwa kuwa tofali likitolewa juu ya kaburi lazima liende mahali, mama alikuwa amesimama pale na tofali moja mkononi, kila linalopita analigonga. Hili kule. Hili pale. Ilipofika jioni baba alikuwa huru, na pembeni ya jiko kulikuwa na rundo la matofali mazima lenye kimo cha mtu. Ndipo akawagawia kahawa ya kutafuna.

"Nikawaambia, sasa mmeshachafuka," mama akanisimulia, na nikasikia anavyojizuia kucheka. "Nikawaambia kesho msije mmevaa nguo za kanisani."

Kuanzia siku hiyo ikawa desturi. Anayekuja kutoa pole anabeba kwanza, anakaa baadaye. Watu wakaipenda, maana kukitazama kifusi cha mtu siku nzima bila kujua useme nini ni kazi ngumu kuliko kubeba. Mimi nikaacha kupiga simu za amri. Nilibakiwa na moja tu, betri ya sola na zile chupa za dawa, kwamba zikae mbali na kila kitu kwenye ndoo yenye mfuniko, na hiyo mama alinikubalia bila kuniita bosi.

Akanitumia picha ya marundo yake. Yalikuwa sita. Matofali ya kujengea, vipande vya barabarani, mbao, mabati, ile ndoo ya sumu peke yake chini ya mti. La sita lilikuwa dogo, limefunikwa mkeka: kioo cha kabati kilichopona nusu, redio ya baba, mguu wa meza, sahani moja ya maua.

"Hilo la sita ni la nini?" nikamwuliza.

"Hilo sijaamua."

Nikamwonyesha mzee wa mizani. Aliitazama ile picha, miwani ameisukuma juu ya kilemba, akaniambia tangu aanze kazi hajaona yadi safi kama ile, na kwamba mama akitaka kazi Barking nafasi ipo. Nilimfikishia mama. Akajibu kwamba hawezi, ana wageni.

Chumba kilisimama polepole. Fundi wa kijijini alifuata mchoro wa karatasi ya mizani. Tofali mpaka kiunoni, juu mbao za paa la zamani, mabati yaliyonyooshwa kwa nyundo. Vile vipande vibovu vilijaza mashimo ya njia inayopanda kwa mama, ambayo pikipiki zilikuwa zinaikwepa. Nilikuwa natembea sokoni Barking na mfuko wangu wa ndizi za kupika, naangalia simu, nacheka peke yangu, na hakuna anayekushangaa, maana kila mtu pale sokoni anaongea na kwao.

Chumba kikaisha. Kikapata mlango, kikapata kitanda. Na mama hakuingia.

Mchana aliingia, akafagia, akatandika nyasi chini kama desturi ya kwetu inavyotaka. Jua likizama anatoka na kiti chake anarudi chini ya turubai. Nikimwuliza anasema, "Kesho." Nikamwuliza tena, akasema ardhi ilitikisika tena juzi, kidogo tu, vikombe vililia. Sikumlazimisha. Nilikuwa nimejifunza. Lakini kila nikiamka nilifungua simu kuangalia hali ya hewa ya Bukoba, maana mvua ilikuwa imeshanyesha ng'ambo ya pili ya ziwa, na mdogo wangu alikuwa ameshakodi pikapu.

Alifika kijijini siku ya Alhamisi na dereva wake. Akanipigia. Sauti yake haikuwa ya ushindi, nampa hilo. "Chumba nimekiona," akasema. "Kizuri kweli. Sikutegemea. Lakini dada, yuko nje kwenye kiti, na wingu hili hapa limeshuka. Tulikubaliana." Nikasema ndiyo, tulikubaliana. Nikampikia binti yangu, nikanyoosha nguo za kazi, nikamwambia Mungu kwamba nimeshafanya ninachokijua.

Asubuhi saa kumi na mbili nilikuwa kituoni nangoja basi. Kule ni saa mbili. Simu ikaita, mdogo wangu.

"Mmeshaondoka?" nikamwuliza.

"Hapana," akasema kwa kunong'ona.

"Mbona unanong'ona?"

"Mvua ilianza jana usiku, tulipomaliza kula. Nikamwambia mama aingie kwenye gari asilowe. Akanitazama, dada, unamjua anavyotazama. Akabeba kiti chake akaingia ndani ya kile chumba, akafunga mlango."

"Halafu?"

"Mpaka sasa hajatoka. Nilidhani anaumwa. Nimeingia mara mbili kumwangalia." Akazidi kushusha sauti. "Amepanda kitandani, amejifunika. Anakoroma."

Saa mbili asubuhi, mama yangu, ambaye tangu tetemeko hajawahi kukutwa na jua amefumba macho.

"Na gari?" nikauliza.

"Dereva nimemwambia arudi Mwanza. Mimi nimebaki, jiko la nje linavuja."

Nikamwambia asogeze simu mlangoni nisikie. Basi langu likaja, likafungua milango, nikalipungia mkono liende.